Fahali, Sheria na Magofu ya Carreg Cennen

Katika desturi za watu wa Uingereza zilizonishinda kuzielewa mpaka leo, ijapokuwa nimekula chumvi yao kwa miaka mingi, imo hii ya mtu mzima mwenye akili timamu, mwenye motokaa na mafuta ndani yake, kuiacha motokaa hiyo mahali penye lami, akavaa viatu vizito, akavuka mashamba, vijito na matope kwa muda wa nusu ya mchana, kisha akarejea pale pale alipoanzia, na aulizwapo alikwenda wapi akajibu kwa bashasha isiyo kifani kwamba hakwenda popote. Kwetu pwani mtu huenda: huenda sokoni, huenda kumzuru mgonjwa, huenda kwa mkwewe ijapokuwa moyo hautaki, na hata yule ashukaye ufukwe wa Mama Ngina, Mombasa, jioni kupunga upepo ana yakini ya kumkuta muuza mihogo mwisho wa safari yake.

Dada yangu ameolewa huko Wales, na mumewe, mwalimu wa jiografia aliyestaafu, ni mtu mpole, mkarimu na mwenye subira, ila ana imani moja isiyotikisika, nayo ni kwamba hakuna heshima kubwa awezayo kufanyiwa mgeni kuliko kutembezwa. Basi Ami yetu alipokuja kututazama kutoka Mombasa, aliambiwa kwamba Jumapili atapelekwa kuizunguka ngome ya Carreg Cennen, karibu na mji wa Llandeilo. Naye, kwa kuwa watu wa heshima hawaalikwi ngomeni ila kwa karamu, alitoka asubuhi hiyo amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikataka kusimama yenyewe, koti la sufu juu yake, kofia ya kazi ya mkono, bakora ya mpingo, na makubadhi yake ya Lamu. Dada alimwendea na mabuti ya mpira, akamsihi kwa taadhima zote.

"Mwanangu," akasema Ami, "mimi si mvuvi wa pweza."

Maneno yakaishia hapo, na dada akayatia mabuti katika mkoba wake bila ya kujibu.

Ngome yenyewe, nisije nikaidhulumu haki yake, ni ya kutazamwa. Imekaa juu ya jabali la mawe ya chokaa linaloinuka wima kiasi cha mita 90 juu ya mto Cennen, na kuta zake zimeanzia pale pale jabali linapokoma, hata mtu aliye mbali asitambue wapi Mungu ameachia na wapi mwashi ameshikia. Mabwana wa Wales walikuwa na ngome mahali hapo tangu karne ya 12, lakini magofu yaonekanayo leo aghlabu yanahesabiwa kuwa kazi ya John Giffard, aliyepewa ardhi hiyo na Mfalme Edward wa Kwanza baada ya kuitiisha Wales mwishoni mwa karne ya 13. Mwaka 1403 Owain Glyndŵr, aliyewaasi Waingereza, aliizingira. Na mwaka 1462, katika fitina za koo mbili zilizogombea kiti cha ufalme, upande ulioshinda ulipeleka watu 500 wenye sululu na mitaimbo waibomoe, isije ikawa maskani ya wanyang'anyi. Shemeji alituhadithia yote hayo tukiwa tungali tumesimama kando ya motokaa, mvua ikituingia masikioni, kwa maana mvua ya Wales haishuki bali hupita. Ami alisikiliza kwa makini, kisha akauliza swali moja tu: hao watu 500, walilipwa kwa siku au kwa kazi? Shemeji hakujua.

"Kwa siku," akasema Ami. "Ndiyo maana nusu imesalia."

Shauri lilikuwa tuizunguke ngome kwanza, mwendo wa kiasi cha maili nne, tushuke mpaka mtoni, tuvuke, tupande upande wa pili kuelekea chemchemi ya mto Loughor, kisha turejee kwa njia ya msitu ulio chini ya jabali, na ngome iwe ya mwisho. Sasa njia hiyo haipiti katika ardhi ya serikali wala ya wakfu, bali yakata mashamba ya watu, katikati ya malisho yao, na jambo hili lilimshughulisha Ami kuliko Giffard na Glyndŵr wote wawili. Kwetu, alisema, mtu akikutwa shambani mwa mwenziwe bila ya kupiga hodi, huulizwa nazi ziko wapi. Shemeji, ambaye alikuwa akilingoja swali hilo tangu azaliwe, alieleza kwamba njia iliyokwisha kuthibiti kuwa ya umma haizibiki. Mwenye shamba ana ardhi, lakini hana amri ya kumzuia mpita njia. Akasimulia jinsi mwaka 1932 wafanyakazi wa Manchester na miji ya jirani walivyoupanda kwa makusudi mlima wa Kinder Scout, uliokuwa umepigwa marufuku, baadhi yao wakatiwa gerezani. Na jinsi mwaka 1949 ilivyopitishwa sheria ya kuamuru njia za umma ziandikwe katika ramani. Nikawaza moyoni kwamba hii ni nchi ya maajabu: husuni za wafalme zimeachwa zianguke zitakavyo, ilhali kijinjia cha upana wa mbuzi wawili kina ramani, kamati na wakili.

Penye ua wa kwanza palikuwa na lango la kubembea ndani ya kizimba kidogo, lililofanyizwa ili binadamu apite na ng'ombe asipite: mtu huingia kizimbani, hulisukuma lango lipite mbele ya tumbo lake, kisha hujipenyeza akatokea upande wa pili. Fundi aliyelibuni alimpima ng'ombe, akampima na mtu wa Wales. Hakumpima mzee wa Mombasa aliyelelewa kwa biriani, tena akiwa ndani ya koti la sufu. Ami aliingia, akafika nusu, akakwama. Hakwenda mbele wala hakurudi nyuma. Kondoo walikuja kutazama, maana katika nchi yenye watu wapata milioni tatu, na kondoo wanaowapita watu hao kwa mbali sana, hadhira haikosekani. Mwishowe alitokea bibi mmoja na mbwa wake, akatuangalia kwa macho ya mtu ambaye amekwisha kuyaona mengi langoni pale, akamwamuru Ami anyanyue mikono juu na atoe pumzi yote aliyo nayo. Ami alitii. Lango likamwachia, likabaki na kifungo cha koti.

Malisho yaliyofuata yalikuwa na fahali. Alikuwa amesimama juu ya njia yenyewe, mwekundu, mpana, uso wake umetuelekea, na majike wake wamejilaza kumzunguka. Shemeji hakushtuka. Alisimama akatueleza, kwa utulivu wa kadhi, kwamba kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1981 fahali wa kizazi cha maziwa aliyezidi miezi kumi haruhusiwi kabisa kuachwa katika malisho yenye njia ya umma, walakini fahali wa kizazi cha nyama ruhusa, maadamu yumo pamoja na majike. Na kwa kuwa huyu, kwa kadiri awezavyo kuona, ni wa nyama, na majike hao hapo, basi hakuna kosa lolote lililotendeka.

"Mkwe wangu," akasema Ami, "yeye amesomewa?"

Kisha Ami akatoa fatwa yake mwenyewe. Huyu, alisema, ni mwanamume aliye nyumbani kwake pamoja na wakeze, na wageni ni sisi. Akasonga hatua, akaegemea bakora, akapiga hodi kwa sauti ya juu. Fahali alipepesa sikio. Akapiga ya pili. Akapiga na ya tatu. Kisha akatugeukia: hodi tatu hazikuitikiwa, na mtu mwenye adabu hapo hurudi. Tukaambaa na ua, mbali na njia, shemeji akitufuata kwa huzuni, kwa sababu sasa, kisheria, waliovamia shamba la mtu tulikuwa ni sisi.

Kando ya ua palikuwa na ziwa la matope lililofunikwa na nyasi, na hapo kubadhi la mguu wa kushoto likazama. Shemeji alipiga magoti, akaingiza mkono mpaka kiwikoni, akapapasa, akavuta. Matope yakatoa sauti nisiyoweza kuiandika katika insha ya watu wenye heshima zao, na kubadhi likatoka likiwa halina tena nchi wala kabila. Dada alifungua mkoba wake. Ami aliyatazama mabuti, akautazama mguu wake.

"Wavuvi nao," akasema, "ni watu."

Ngomeni tulifika tumelowa. Kondoo walikuwa wakila majani chini ya buruji, na Ami, ambaye kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa na miguu mikavu, alitukumbusha kwamba ngome ya kwao ilianzwa na Wareno mwaka 1593, ikazingirwa na Waarabu wa Omani kwa kiasi cha miaka mitatu hata ikaanguka mwaka 1698, Waingereza wakaifanya gereza mpaka mwaka 1958, "na hii yenu imefanywa zizi." Alilisema hilo kwa raha kubwa. Chini ya kuta kuna pango, liendewalo kwa ujia mwembamba uliochongwa ukingoni mwa jabali, na tochi hukodishwa katika shamba la hapo ngomeni. Ami alikataa kuingia. Kuna shimo moja tu alilo na ahadi nalo, alisema, wala hana haraka nalo. Tukaingia mimi na shemeji, na tochi ikazimika tulipofika ndani kabisa. Tulitoka kwa kupapasa ukuta uliojaa maji, tukiongozwa na sauti ya Ami huko juu akimkemea kondoo aliyetaka kuila bakora yake.

Chai tuliinywa katika ghala la zamani la shamba, pamoja na vikeki vya zabibu vinavyookwa juu ya chuma, ambavyo Ami alivisifu mpaka sahani ikawa tupu. Dada akauliza ngome ni ya nani. Shemeji akajibu kwamba zamani ilikuwa ya Lord Cawdor, mmoja wa mabwana wakubwa wa ardhi katika upande ule. Lakini katika miaka ya 1960, mkulima wa hapo alipoandikiwa hati ya shamba lake, maneno ya hati yakakosewa, na ngome nzima, buruji, pango na vyote, ikaingia humo pamoja na mabanda ya ng'ombe. Ikawa mali ya jamaa wa shamba, na Cadw, idara ya serikali ya Wales, ndiyo iyatunzayo magofu.

Ami aliweka kikombe chini. Ieleweke kwamba ana kesi ya shamba la minazi huko nyuma ya Malindi, anagombea na binamu yake mpaka wa upana wa mnazi mmoja, na kesi hiyo imekwisha kuwazika mawakili wawili.

"Karani aliyeiandika hati hiyo," akauliza, "yu hai?"

Shemeji akadhani kwamba hayupo tena.

"Aliacha watoto? Wameishika kazi ya baba yao?"

Shemeji akacheka, akijua kuwa ni mzaha. Ami akatoa kalamu mfukoni, akaigeuza tikiti ya ngome upande mweupe, akamsogezea aandike anwani.