Sifa za Dakika Ishirini

Washairi wetu wamesifu bahari, mwezi na wachumba waliowakataa. Safari ya ndege ya Dar es Salaam kwenda Unguja sijasikia aliyeitungia hata ubeti. Leo nailipia deni hilo.

Tazameni kwanza unyoofu wake. Kutoka kiwanja cha Julius Nyerere hadi cha Abeid Amani Karume ni kama kilomita 73, na viwili hivyo vimepangana kusini kwa kaskazini karibu sawasawa, kama vile aliyeviweka alipiga mstari kwa rula. Ni mwendo wa Bagamoyo, ukizidi kidogo tu. Lakini nani aliyewahi kwenda Bagamoyo akaombwa avue mkanda? Heshima hiyo huipati kwenye daladala.

Wenye pupa husema dakika ishirini angani ni chache kwa nauli ile. Hawajui kuhesabu. Mimi niliondoka Mbezi saa moja asubuhi kuiwahi ndege ya saa nne. Nikasimama Ubungo, nikasimama Buguruni, nikakaa Tazara hadi nikazoeana na muuza karanga. Kiwanjani nikaambiwa ndege imesogezwa mbele, na aliyeniambia hakuonekana kuwa na haraka. Jumlisheni. Kwa kilomita 73 nilipewa takriban saa tano za safari. Anayeruka kwenda Nairobi angepunjwa.

Halafu mzani. Ndege yetu ilikuwa Caravan, injini moja, abiria kumi na wawili hivi, mmoja wao akikaa ubavuni mwa rubani na kukatazwa kugusa chochote. Ndege ya namna hii hujali uzito wa kila mtu. Mama aliyenitangulia, mkononi kapu la maembe, aliomba apimwe bila kapu. Kijana wa kaunta akakubali kwa adabu zote. Kisha akalipima kapu. "Na wewe, mzee wangu," akaniambia, akinionyesha mzani kwa kidole. Tangu kliniki ya utotoni sikuwa nimejaliwa kiasi hicho mbele za watu.

Na huko juu? Chakula hakuna, kwa hiyo hakuna chakula kibaya. Choo hakuna, kwa hiyo hakuna foleni ya choo. Rubani hageuzi shingo mara mbili: akishatukaribisha, anaanza kutafuta pa kutua. Fadhila kubwa kuliko zote niliipata kwa jirani yangu, aliyeanza kunisimulia kesi yake ya kiwanja cha Kigamboni tangu matairi yalipoiacha ardhi. Alipofika kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, bahari ilikuwa imeshageuka kutoka buluu ya wino kuwa kijani cha maji ya tui, na kushoto kilichomoza kisiwa cha Chumbe na mnara wake wa taa wa mwaka 1904. Alipomtaja wakili, tukagusa lami. Wakili huyo alifanya nini, sijui hadi leo, na sina kinyongo.

Nilitua saa sita na dakika tano. Shemeji yangu, mtu wa kubana matumizi, alipanda boti ya saa tatu na nusu. Nilimkuta Darajani, bakuli la pili la urojo likiwa limebaki mchuzi tu.