Ma-DJ, Acheni Wimbo Uchemke

Nina ugomvi na ma-DJ wa harusi. Ukifika muda wetu, MC anatangaza kwa sauti ya huruma, kana kwamba tunagawiwa vyandarua, kwamba sasa ni zamu ya wazee. Inawekwa Sikinde, bendi yetu. Tunanyanyuka, magoti yanalia, kina mama wanakaza khanga viunoni. Mwimbaji anasimulia kisa chake, sisi tunayumba taratibu, tunatunza pumzi. Dansi ina utaratibu wake: kwanza maneno, halafu magitaa yanageuka, tarumbeta zinajibizana, ndipo chemko, kile kipande cha kasi. Basi gitaa linapoanza tu kugeuka, mabega yameshapanda, DJ anakata! Amapiano.

Nyimbo hizo zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, redio ya serikali, na serikali ile ilikuwa na ukali wake. Lakini chemko haikuligusa. Leo kijana mwenye kompyuta na kofia iliyogeuzwa ndiye analikata.

Jirani yangu, Msondo damu, anasema tumestahili. Eti bendi yetu imezaliwa juzi. Juzi yenyewe ni 1978! Anayehesabu kuanzia NUTA Jazz ya 1964, jina la kwanza la Msondo, anaona wote wengine watoto. Nikimuuliza bendi gani ilikuwa ikibadilishwa jina kila chama cha wafanyakazi kilipobadilika, mara NUTA, mara JUWATA, mara OTTU, anasonya. Nikimtajia mwimbaji Bitchuka, aliyetoka kwao akaja kwetu, naye akanitajia kwamba alirudi, kahawa inapoa. Tumebishana hivi tangu enzi za bugaluu, tukienda ukumbi wa DDC Kariakoo pamoja na kurudi tumenuniana. Mke wangu, mtu wa taarabu, anatushangaa wote wawili. Kwake magitaa yote yanalia mamoja.

Mpwa wangu ndiye balaa. Spika yake ipo dirishani, mdomo umeelekezwa kwangu, singeli kutwa. Vyombo vinatetemeka kabatini. Siku moja nikamwita, nikampigia wimbo wa Sikinde kwenye simu, nikamwambia kaa usikilize watu wazima. Akavumilia kidogo, akauliza:

"Anko, unaanza saa ngapi?"

Nikamwambia hiyo ndiyo raha yenyewe, kusubiri. Akanitazama kama mgonjwa. Lakini ukiisikiliza singeli vizuri (nimeisikiliza, sina pa kukimbilia), ni chemko kuanzia sekunde ya kwanza. Hawa watoto wamekitupa kisa, wameyatupa yale maneno ya kubembeleza, wamebaki na kipande kilekile ninachonyimwa ukumbini. Nilitaka kumwambia kwamba tunapenda kitu kimoja, nikaona ataringa, na spika ataileta sebuleni.

Sasa kuna harusi nyingine kwenye ukoo na kadi ya mchango imeshafika. Mwenyekiti wa kamati anapiga simu kila jioni. Nimempa nusu. Nusu nyingine ipo mfuko wa koti, nitaitoa palepale ukumbini, chemko likiisha.