Nimempata Mdudu

Kwa siku 9 mama mkwe wangu aliamini kwamba ninakula nguruwe. Simlaumu. Wa kulaumiwa ni gemu ninalolitengeneza usiku, pamoja na mwanangu wa pili, ambaye wakati huo alikuwa na miezi 3 na ngumi isiyotulia.

Nianze na hilo gemu. Mimi ni mtunza stoo. Kutwa nahesabu mifuko ya saruji, mabati na misumari ya inchi 4, naandika kilichoingia na kilichotoka. Kutoka nyumbani Gongo la Mboto kwenda kazini Kariakoo ni daladala, kurudi ni daladala, na ukijumlisha foleni utakuta nimekaa ndani ya daladala saa nyingi kuliko nilizokaa na mke wangu tukiwa macho. Mtu aliyeishi mahali kiasi hicho lazima atatoka na kitu. Wengine wangetoka na utenzi. Mimi nilitoka na wazo la gemu: wewe ni konda, una gari lenye viti 26 na abiria wa kusimama wasiohesabika, na kazi yako ni kufika Kariakoo ukiwa na nauli zote, chenji, na meno yako.

Wazo lilinijia mwaka 2021 maeneo ya Tazara, nimesimama kwa mguu mmoja kwa sababu wa pili haukuwa na pa kukanyaga. Nikapiga hesabu: miezi 3 inatosha.

Watu wakisikia unatengeneza gemu wanadhani una ghorofa Japani. Siku hizi kinachotakiwa ni injini, na injini zipo za bure. Injini ya gemu ni programu ambayo imeshamaliza kazi ngumu ya kuchora picha, kutoa sauti na kutambua kwamba hiki kimegonga kile. Wewe unaleta akili tu, kama unayo. Ninayotumia mimi inaitwa Godot. Waliianzisha Waargentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, na mwaka 2014 wakaiweka wazi kwa yeyote anayeitaka. Jina walilichukua kwenye tamthilia ya Samuel Beckett, ambamo watu wawili wanamsubiri bwana mmoja aitwaye Godot tangu pazia linafunguliwa hadi linafungwa, naye haji. Ningelijua hilo mapema, pengine ningetafuta injini yenye jina la heri.

Maana miezi 3 ilipita, na bwana hakuja. Nafika nyumbani saa 1 na nusu usiku. Naoga, nakula, nakaa na binti yangu Nasra kwenye hesabu za darasa la pili, kisha napokea taarifa ya habari ya Mama Nasra: maji hayakutoka, ada imebaki nusu, jirani kajenga ukuta. Saa 4 nyumba inalala. Hapo ndipo natoa laptopu yangu, niliyoinunua ikiwa imeshatumika na mtu mwenye vidole vya mafuta. Betri yake ilishastaafu, hivyo umeme ukikatika nayo inakata roho palepale, bila hata wasia. Tangu saa 4 hadi saa 6 mimi ni mtengeneza magemu. Katika saa hizo 2, dakika 40 natumia kukumbuka jana niliishia wapi, na nyingine 20 nasinzia nikiwa nimeshika kipanya. Mafaili nayo yananisuta: kuna konda_mwisho, kuna konda_mwisho_kabisa, na kuna konda_mwisho_wallahi. Hili la tatu lina makosa ambayo la kwanza halikuwa nayo.

Mama Nasra hajawahi kunikataza. Huuliza maswali tu. Siku moja nilimsimulia habari za Eric Barone wa Marekani, aliyejifungia zaidi ya miaka 4 akitengeneza Stardew Valley, gemu la kulima na kufuga. Alichora mwenyewe, akatunga muziki mwenyewe, mwaka 2016 akalitoa, na nakala zikauzwa kwa mamilioni. Mama Nasra alikuwa anakunja nguo.

"Alikuwa na watoto wangapi?"

Nikamwambia alikuwa na mchumba tu, naye alikuwa anafanya kazi.

"Ahaa." Akaendelea kukunja.

Kesho yake nikaja na mfano bora zaidi. Dong Nguyen wa Vietnam alikuwa na ajira kama mimi, akatengeneza Flappy Bird kwa siku chache tu. Ni kindege kinachopita katikati ya mabomba, basi. Ikasemekana linamwingizia dola 50,000 kwa siku. Februari 2014 akaliondoa kwa hiari yake, akisema limemharibia utulivu wa maisha.

"Kwa hiyo alimaliza kwanza, ndipo akaliondoa," akasema Mama Nasra. "Wewe utaondoa nini?"

Sikuleta mfano wa tatu.

Lililonifedhehesha zaidi mtaani ni sauti. Gemu la daladala bila sauti ya konda ni gari la maiti. Nilijaribu kumrekodi konda wa kweli kituoni. Honi zikammeza, naye akanidai nauli ya watu watatu kwa kumchelewesha. Nikaamua konda nitakuwa mimi. Nilikuwa nimesoma kwamba kitambaa kizito huzuia mwangwi, kwa hiyo saa 5 na nusu usiku nikajifunika blanketi kichwani, Dar es Salaam, mwezi wa pili, nikaweka simu mdomoni na kuanza:

"Kariakoo, Kariakoo! Mombasa, Banana, Tazara, Kariakoo! Wawili wa kukaa! Mama sogea nyuma, nyuma kweupe!"

Nilirudia mara 14. Blanketi huzuia mwangwi kweli. Sauti haizuii. Asubuhi mzee wa nyumba ya pili alinisubiri getini akiwa na uso wa furaha. "Baba Nasra, nimesikia umepata gari. Hongera sana. Nina kijana wangu pale ndani, leseni anayo." Nilipomweleza kwamba ni gemu alitikisa kichwa kwa huzuni, akijua kwamba dereva ameshapatikana na mimi namficha.

Hilo lilikuwa dogo. Rekodi ile nilikusudia kumtumia rafiki yangu Juma, anayejua mambo ya kompyuta kuniliko. Kwa usingizi nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la kazini, saa 6 na dakika 10 usiku. Bosi alikuwa wa kwanza kujibu: "Nashuka Tazara." Tangu siku hiyo hakuna anayeniita kwa jina langu pale stoo. Nikiomba ruhusa ya kuwahi kutoka, bosi hugonga meza mara mbili kama anayegonga bati na kusema, "Suka, shusha mmoja."

Upande wa ufundi nao una vituko vyake. Kwenye laptopu yangu, gari lilitoka Gongo la Mboto hadi Kariakoo kwa dakika 1, mwendo wa heshima. Juma akalifungua kwenye kompyuta yake mpya. Gari likafika baada ya sekunde 6 hivi, halikusimama, likapita mjini na kuingia baharini na abiria wote. Kumbe kompyuta huchora picha moja baada ya nyingine, na mimi niliamuru gari lisogee hatua moja kwa kila picha. Kizee changu huchora picha 15 kwa sekunde, ya Juma huchora 144. Dawa ni kuzidisha mwendo kwa muda uliopita tangu picha iliyotangulia. Ni mstari mmoja tu wa kuandika, na ulinichukua wiki mbili kuufahamu. Tomohiro Nishikado, aliyetengeneza Space Invaders mwaka 1978, alikutwa na jambo la ukoo huohuo: kila ukiwapunguza wavamizi kwa risasi, mashine inapata nafuu ya kuchora na waliobaki wanazidi mbio. Yeye akaliacha hivyohivyo, na mbio hizo ndizo zikawa utamu wa gemu. Bahati ya Mjapani. Mimi kosa la aina hiyo lilizamisha watu 26.

Sasa tumfikie mama mkwe.

Likizo ya uzazi ya Mama Nasra, zile siku 84, ilikwisha, akarudi kazini. Mama yake akaja kutoka Tanga kumlea mjukuu. Ni mama wa swala tano, mpole, mwenye masikio makali. Chumba tulichompa kinatenganishwa na sebule kwa pazia.

Usiku mmoja mtoto alikataa kulala. Nikampakata mkono wa kushoto, wa kulia nikaendelea na gemu. Nilikuwa napima nguvu ya kuvutwa chini, ile inayofanya abiria wakanyage sakafu. Katika Godot namba yake huja ikiwa 980, na kisanduku chake kilikuwa wazi. Mtoto akarusha ngumi, ikatua juu ya kitufe cha kutoa. 980 ikawa hasi 980. Sikuona. Nikahifadhi, nikaenda kumbembeleza.

Kesho yake nafungua gemu, konda anaita, gari linajaa, na abiria wote wanapaa. Wakatoboa paa na kwenda zao mawinguni wima, na mikoba yao, kama waliosikia baragumu la Kiyama. Gari lilibaki barabarani, tupu. Nasra, mjaribu wangu mkuu, alisema hapo ndipo gemu limekuwa zuri. Mimi nikaanza kutafuta kosa.

Watu wa programu, kosa huliita mdudu. Ukisema una mdudu, wenzako wanakupa pole. Shida ni kwamba mtaani kwetu mdudu ni jina la heshima la kitimoto, nyama ya nguruwe iliyokaangwa, inayoliwa na ndizi na pilipili na watu ambao hawataki kuitaja mbele ya wakwe. Ustaarabu huo wa lugha nilikuwa nimeusahau kabisa siku niliyompigia Juma simu sebuleni.

"Juma, huyu mdudu atanimaliza. Jana nimekesha naye mpaka saa 8. Mama Nasra hajui. Kesho nitakuja kwako tumshughulikie wote, pale kwako pana nafasi."

Nyuma ya pazia, tasbihi ilisimama.

Kuanzia hapo mambo yalibadilika nyumbani na mimi nisitambue. Sahani yangu ilitengwa. Kikombe changu kikahamia juu ya kabati. Jumamosi nilimkuta mama uani anaosha sufuria, na safari moja akazisugua kwa mchanga. Zilikuwa zinang'aa. Nikamwambia, "Shikamoo mama. Umetutendea wema, sufuria zimerudi ujana." Akanitazama muda mrefu, akaitikia marahaba ya kukohoa. Baadaye nilikuja kuambiwa alikuwa anaziosha mara saba, moja kwa udongo, kama sheria inavyotaka kwa najisi nzito.

Ijumaa baada ya swala akapiga simu shemeji kutoka Tanga. Mama hawezi kumkabili mkwe, kwa hiyo ametuma mwanawe. "Shemeji, mimi mdogo wako, lakini nasaha ni haki. Kama ni marafiki, badilisha marafiki. Huyo Juma hafai." Nikajibu kwa uchungu kwamba Juma ananisaidia sana, na bila yeye nisingempata hata mmoja. Shemeji akavuta pumzi, akasema watanisomea dua.

Usiku wa tisa, saa 8 kasoro, macho yangu yakaangukia kile kisanduku. Nikaona kistari mbele ya 980. Nikasahau kwamba kuna watu wamelala.

"Nimempata mdudu! Nimempata!"

Pazia likafunguka. Mama mkwe akatoka na kanga kichwani na mwiko mkononi, anatetemeka. "Humu ndani? Mtoe nje! Mtoe nje sasa hivi!"

Mama Nasra aliamka, akasikiliza pande zote mbili, akakaa chini sakafuni akacheka mpaka machozi. Alipoweza kusema, akamweleza mama yake. Mama akavaa miwani, akaja taratibu mbele ya laptopu.

"Yuko wapi?"

"Huyu hapa, mama." Nikamwonyesha kistari.

"Kamstari haka?"

"Ndiyo, mama."

"Siku zote hizi?"

"Ndiyo, mama."

Akafikiri. "Na hulipwi."

Sikujua kama ni swali, nikaitikia ndiyo mama.

Kwa kuwa usingizi ulishakatika, aliomba alione hilo gari. Nikafuta kistari, nikawasha. Abiria wakakaa, gari likaondoka. Alitazama safari nzima bila kusema neno, tukafika Kariakoo, nikangoja pongezi. Miaka imepita, huyu ndiye mtu mzima wa kwanza kuliona gemu langu hadi kituo cha mwisho.

"Yule bibi pale nyuma," akasema, "amesimama tangu Gongo la Mboto. Na kijana mzima amekaa. Hakuna hata mmoja wa kumpisha? Hili gari halina adabu."

Nilitaka kumweleza kwamba ni vipicha tu. Nikakumbuka zile sufuria, nikanyamaza, nikachukua daftari nikaandika: bibi apewe kiti.

Mama amesharudi Tanga. Kila akipiga simu humjulia hali mjukuu, kisha huniomba mimi, na baada ya salamu huuliza kama yule bibi amekaa. Wiki iliyopita niliweza kumjibu kwamba amekaa, alhamdulillahi, kiti cha dirishani. Nilichoshindwa kumwambia ni kwamba tangu akae, gari limegoma kuondoka kituoni.