Muhadhara wa Bingwa Juu ya Bima ya Afya Ujerumani

Ndugu zangu Watanzania, Wakenya, Waganda, Warundi, na wewe ndugu yetu wa Lubumbashi uliyekaa karibu na sufuria kuliko wote, nawasalimu. Mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa Hamburg ameniomba nizungumze dakika tano. Nimemjibu kwamba dakika tano hazitoshi hata kusoma vyeo vyangu, na kwa kuwa vyeo hivyo nimejitunuku mwenyewe, hakuna mwingine awezaye kuvisoma kwa usahihi. Pilau itasubiri. Pilau hupashwa moto, elimu haipashwi.

Somo langu ni bima ya afya ya umma kwa mgeni anayeishi Ujerumani. Nimelitafiti miaka mingi, hasa nikiwa kwenye viti vya kusubiria, na mara nyingine nimewahi hata kuitwa ndani.

Tuanze na historia, kwani mtaalamu asiyeanza na historia ni karani tu. Bima hii ililetwa na Otto von Bismarck kwa sheria ya mwaka 1883. Wakati ule mfanyakazi alitoa theluthi mbili za mchango na mwajiri theluthi moja. Mwaka uliofuata, Bismarck huyo huyo akawaita wakubwa wa Ulaya Berlin wazungumzie Afrika bila Mwafrika hata mmoja mezani, na Februari 1885 kampuni ya Carl Peters ikapewa hati ya ulinzi juu ya nchi wanakotoka baadhi yetu hapa. Kwa nadharia yangu, ambayo vyuo vikuu bado havijakomaa kuipokea, babu zetu wameichangia bima hii tangu enzi hizo, kwa pamba, kwa mkonge na kwa kodi ya nyumba. Nilimweleza hayo binti wa dirishani kwenye ofisi ya bima. Alinisikiliza kwa adabu sana, kisha akaniuliza kama nimekuja na pasipoti.

Sasa niwafundishe. Tangu mwaka 2009 kila mkazi wa nchi hii analazimika kuwa na bima ya afya. Na msidhani bima ya umma ni dirisha moja la serikali. Ipo mifuko tisini na ushei inayojiendesha yenyewe, AOK, Techniker, Barmer na wenzao, nawe unachagua unaoutaka. Watu huniuliza, "Bingwa, mfuko upi bora?" Huwa nafumba macho kidogo kabla ya kujibu. Siri ni kwamba sehemu kubwa mno ya matibabu imepangwa na sheria, kwa hiyo ni yale yale kila mfuko. Mchango wa msingi nao ni mmoja, asilimia 14.6 ya mshahara kabla ya makato, nusu yako, nusu ya mwajiri. Kinachotofautiana ni nyongeza ambayo kila mfuko hujipangia, na hiyo pia mnagawana na mwajiri. Nikilisema hili waziwazi mtaona kazi yangu ni nyepesi. Ndiyo maana nafumba macho.

Mwanafunzi wa chuo kikuu aliye chini ya miaka 30 ana bei yake, ambayo mwaka 2025 ilikuwa kama euro 140 na kitu kwa mwezi pamoja na bima ya uangalizi wa wasiojiweza. Chuo hakikuandikishi mpaka mfuko uwe umekitumia taarifa zako, kompyuta kwa kompyuta. Ile barua yako yenye muhuri wa bluu, uliyoibeba kutoka nyumbani ndani ya bahasha ya plastiki, haina wa kuipokea. Najua inauma. Sisi ni watu wa muhuri.

Naona mkono. Ni dada yetu muuguzi. Anasema nimesahau waliokuja kwa kozi ya lugha tu na waliovuka miaka 30, kwamba hao bei ya mwanafunzi haiwahusu. Ahsante dada, nilikuwa naelekea huko kwa njia ndefu. Anaongeza kwamba waliokuja kwa mafunzo ya kazi kama yeye hukatwa kwenye posho kama mfanyakazi mwingine yeyote, na kwamba bima ya msichana wa au pair hulipwa na familia inayomkaribisha. Vizuri. Naomba asinyooshe tena.

Tufike penye kiini. Kila jumuiya ina mjanja wake. Mjanja wetu mnamjua, yule anayekutana na wageni stesheni kabla hata hawajapumzika. Atakwambia, "Euro mia na arobaini za nini? Mdogo wangu, kuna bima ya mtandaoni, euro thelathini, unalipa kwa simu." Nayo ipo kweli. Ni bima ya msafiri. Imetengenezwa kwa mtu anayekuja, anavunjika mguu na kuondoka. Nyingi hazigusi maradhi uliyokuja nayo, na ukiwa mwanafunzi haikutoi kwenye wajibu wa bima ya umma. Basi mjanja anakupandisha ngazi ya pili: chukua bima binafsi ya bei poa, kisha omba msamaha wa bima ya umma. Msamaha huo upo, na huombwa ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Asichokwambia mjanja ni kwamba ukishapewa haufutiki mpaka masomo yaishe. Unaweza kulia, kupiga magoti, kuleta barua ya askofu na ya shehe. Mlango wa umma umefungwa mpaka siku ya mahafali.

Wapo pia wanaojificha. Hao nawaheshimu kwa ujasiri, ila hesabu hawaijui. Mwenye wajibu wa kuwemo kwenye mfuko akichelewa kujitokeza, mchango huhesabiwa tangu siku aliyopaswa kuingia, si siku aliyoingia. Deni lilikuwa linakua wakati yeye anajipongeza kwa kubana matumizi. Na aliyemo akiacha kulipa miezi miwili, mfuko unaweza kumbakizia machache tu: ugonjwa wa ghafla, maumivu, mambo ya ujauzito na vipimo vya kinga. Jino linalouma litatazamwa. Jino linalotia aibu kwenye picha litasubiri deni liishe.

Mnadhani kikwazo kikubwa ni Kijerumani? Hapana. Nimefanya uchunguzi na nimekigundua: ni sanduku la barua. Ukipata nyumba una wiki mbili za kuandikisha makazi manispaa, ukiwa na karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba umehamia. Mfuko nao unakuomba picha, na kadi inakuja kwa posta. Mtu wa posta hapa haulizi jirani, hapigi simu, hasemi "huyu si yule mrefu wa ghorofa ya tatu?" Anatazama jina kwenye sanduku. Kama halipo, kadi inarudi ilikotoka. Kijana amekamilisha fomu zote, amelipa, chuo kimemkubali, ila anaumwa malaria aliyotoka nayo likizo Mwanza na hana kadi ya kumwonyesha daktari, kwa sababu ya kipande cha karatasi na gundi ambacho hakukibandika. Profesa mzima wa bima nasema hivi: nunueni gundi.

Na jina lenyewe liwe moja. Fomu inataka jina la kwanza na jina la ukoo. Sisi tuna jina la kwanza, la baba, la babu, la ubatizo, na lile ambalo mwalimu wa darasa la kwanza alikosea kuandika likabaki. Andikeni kama pasipoti ilivyoandika, hata kama pasipoti imekosea, na manispaa, benki, mfuko na mwajiri wapewe hilo hilo. Kwenye kadi kuna namba inayoanza na herufi moja ikifuatiwa na tarakimu tisa. Hiyo hubaki yako hata ukihama mfuko. Baadhi yenu mmebadili makanisa na simu mara nyingi kuliko namba hiyo itakavyobadilika maishani mwenu.

Sasa familia, sehemu ambayo huniletea machozi. Mwanachama wa mfuko wa umma anaweza kumwingiza mke au mume na watoto bila mchango wa ziada, mradi wanaishi Ujerumani na kipato chao hakijavuka kiwango kilichowekwa. Mnapiga makofi. Subirini. Mama yako aliyeko Tabora hayumo. Shangazi hayumo, hata kama ndiye aliyeuza ng'ombe ukapata nauli. Mpwa unayemlea huku hayumo kwa sababu tu anakuita baba. Nilijaribu kueleza ofisini kwamba kwetu mtoto wa ndugu ni mtoto. Waliandika, wakachapa, wakanirudishia fomu ile ile. Yule mzee wa nyuma aliyenyoosha vidole viwili, nimekuelewa, tuonane nje.

Swali la mwisho? Dada muuguzi tena. Anauliza ada ya ushauri wangu ni kiasi gani. Ni euro 20 kwa kikao, na gundi unajitegemea. Anasema mifuko yenyewe inashauri bure, mingine hata kwa Kiingereza, na kwamba vyuo vina ofisi za kuwasaidia wanafunzi wa kigeni. Ni kweli, siwezi kukana mbele ya mwenyekiti. Basi wenye haraka waende huko Jumatatu asubuhi na pasipoti mkononi, kabla hawajakutana na yule wa stesheni. Wanaobaki nami walipe kabla pilau haijapakuliwa.