Heko kwa Waraka wa Mahitaji

Wapo watu wasio na shukrani. Wamekaa kwenye ofisi za kutengeneza programu za simu, wana kiyoyozi na chai ya saa nne, na bado wananung'unika kwamba nyaraka za mahitaji zimekuwa ndefu mno. Waraka wa mahitaji, kwa asiyeujua, ndio unaomweleza fundi wa programu kipengele kipya kifanye nini, kimfae nani na kwa nini, kabla hajaandika hata mstari mmoja. Zamani meneja wa bidhaa aliuandika kwa mateso. Anafunga safari kwa watumiaji, anauliza, anarudi, anagundua kuna jambo hakuliuliza, anatoka tena juani. Wiki inakatika, na kinachopatikana ni kurasa mbili zilizojaa alama za kuuliza. Tangu ChatGPT ifunguliwe kwa umma Novemba 2022, aibu hiyo imetuondokea. Siku hizi meneja anaandika sentensi moja, anakwenda kuchukua chai, na akirudi anakuta waraka umekamilika, hauna alama ya kuuliza hata moja.

Nitoe mfano wa ofisini kwetu, Dar es Salaam, tunakotengeneza programu ya simu ya vikoba, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Mama mmoja, mweka hazina wa kikoba cha Mbagala, alimtumia dada wa huduma kwa wateja ujumbe wa sauti. Haukufika dakika moja, na jogoo anasikika akiwika nyuma. Alisema kwamba Jumamosi amemwandikia mwenzake hisa za shilingi 50,000 badala ya 5,000, anaomba awekewe mahali pa kurekebisha, "ila wenzangu waone kuwa nimerekebisha, wasije wakasema." Dada akampelekea meneja kwa ufupi: mteja anataka kusahihisha muamala. Meneja akaikabidhi akili mnemba maneno hayo, akaongeza kwa adabu kwamba anaomba waraka kamili wa kitaalamu.

Na kamili ukawa. Una dira, una dhima, una jedwali la wadau ambao wengi wao hawajui kwamba ni wadau. Mtumiaji mlengwa ametajwa kwa jina: Sarah, miaka 34, mkazi wa mjini mwenye shughuli nyingi, anayethamini urahisi na anayependa kusimamia fedha zake akiwa safarini. Mtindo huu wa kumchora mtumiaji wa mfano ulienezwa na Mmarekani Alan Cooper katika kitabu chake cha mwaka 1999. Maskini Cooper alikuwa akiwachora watu wake baada ya kwenda kuzungumza na watu wenyewe. Sisi Sarah wetu tumempata bila nauli, na ana faida moja kubwa: hapigi simu kulalamika.

Sehemu niipendayo zaidi ni ile ya hadithi za watumiaji. Naisoma kila asubuhi kabla ya kazi. "Kama mweka hazina, nataka kusahihisha muamala, ili niweze kuwa na muamala uliosahihishwa." Sijui binadamu gani angethubutu kuandika sentensi hiyo na kuweka jina lake chini. Binadamu akifika kwenye "ili" anasita, anagundua hajui kwa nini, na hapo ndipo kazi inapochelewa. Mtambo hausiti. Jedwali la hatari nalo ni tunu. Hatari: watumiaji wanaweza kutotumia kipengele. Uwezekano: wa kati. Athari: ya kati. Hatua ya kuchukua: kuwahamasisha watumiaji wakitumie.

Halafu kuna ahadi. Waraka unataka huduma ipatikane kwa asilimia 99.99 ya muda wote, maana yake isizimike zaidi ya dakika 52 na ushee kwa mwaka mzima. Waliowahi kuona umeme ukikatika Mbagala saa moja jioni na kurudi saa nne wataelewa ukubwa wa ndoto hii. Kuhusu faragha, waraka unatuamuru tufuate kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika mwaka 2018. Sheria yetu wenyewe ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya mwaka 2022, haikutajwa, nadhani kwa kuheshimu unyenyekevu wetu. Wanachama wa kikoba cha Mbagala wanaweza kulala usingizi: siku kikoba kikihamia Brussels, mambo yako tayari.

Na kila jambo humo ni "lazima". Mwaka 1997 Scott Bradner aliwaandikia mafundi wa intaneti waraka mfupi wa kutenganisha kilicho lazima, kinachopendekezwa na kilicho hiari, na akaonya kwamba neno la lazima litumike kwa uangalifu. Uchoyo wa namna hiyo umepitwa na wakati. Kwetu rangi ya kitufe ni lazima, hesabu kutoka sawa ni lazima, na mtumiaji kufurahi ni lazima.

Nisije nikasahau kiini chenyewe. Waraka umeelekeza kwamba marekebisho yafanyike "kwa mguso mmoja, papo hapo, bila kumsumbua mtumiaji kwa arifa zisizo za lazima." Ni maandishi mazuri. Sasa, vikoba vingi huweka fedha kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti. Halifunguliwi mpaka wote watatu wawepo, kikundi kizima kinatazama, fedha zinahesabiwa kwa sauti. Utaratibu huo wote upo ili asiwepo mtu hata mmoja wa kubadili chochote peke yake, kimya kimya. Waraka wetu umempa mweka hazina uwezo huo huo hasa, kwa mguso mmoja. Akiutumia Jumamosi, Jumapili mtaa mzima utajua kwamba 45,000 zimepotea na nani alikuwa ameshika simu. Lile ombi lake la "wasije wakasema" halimo popote, kwa sababu halikuwemo kwenye sentensi ya meneja, na mtambo ni mwaminifu: haukuongeza jambo la maana ambalo haukuambiwa. Uliongeza mengine.

Kuna wazushi ofisini wanaodai kwamba mtambo huo huo, ukiombwa uulize maswali kwanza kabla ya kuandika, huuliza, tena maswali ya maana: nani anaruhusiwa kurekebisha, nani ajulishwe, rekodi ya zamani ibaki au ifutwe. Wengine wanadai ungeweza kupewa maneno ya yule mama kama yalivyo. Hatujathubutu. Maswali yana tabia mbaya ya kutaka majibu, na majibu yako Mbagala.

Lawama kwamba hakuna anayeusoma waraka si za kweli. Unasomwa sana, na akili mnemba nyingine, ambayo mafundi huitumia kuufupisha. Muhtasari ulitoka na sentensi moja: mteja anataka kufuta miamala. Kijana wetu mmoja, mgeni kazini, akamfuata meneja. "Samahani kaka, yule mama alisema nini hasa?" Akajibiwa kwa upole, "Mdogo wangu, kila kitu kimo kwenye waraka." Kijana akarudi kitini. Ujumbe wa sauti bado uko kwenye simu ya ofisi, na wa kuusikiliza hajapatikana, kwa kuwa wote tunasoma.

Najua kuna watakaonikumbusha wale wataalamu wa programu 17 waliokutana Snowbird, Utah, Februari 2001, wakatangaza kwamba wanathamini programu inayofanya kazi kuliko nyaraka nyingi. Nawaheshimu. Lakini walisema hivyo enzi ambazo ukurasa mmoja ulikuwa unamgharimu mtu jioni yake. Hawakujua kwamba itafika siku nyaraka zitakuwa rahisi na programu inayofanya kazi itabaki ghali vile vile. Mtu mwenye akili hununua kilichoshuka bei.

Mama wa Mbagala, nasikia, amerudi kwenye daftari. Alikata 50,000 kwa kalamu, akaandika 5,000 juu yake, washika funguo watatu wakaweka sahihi pembeni mbele ya kikundi. Waraka wetu umefika toleo la saba na ulipongezwa kwenye mkutano wa robo mwaka. Anayetaka nakala aombe tu, tutamtumia bila malipo. Kitufe chenyewe hakijatengenezwa.