Sifa za Jalada

Washairi wa pwani wameusifu mnazi kwa kuwa hauna kitu kisichofaa, tangu kuti hata kumbi; na huku kwetu bara, chini ya Mlima Hanang, wazee wamewasifu ng'ombe kwa nyimbo zisizokwisha usiku mmoja. Sijapata kumwona mtu, wa pwani wala wa bara, aliyesimama mbele ya watu kulisifu jalada la polisi, nami nauona huu kuwa ni utovu wa shukrani usiolistahili taifa huru, kwani ni vitu vichache mno vilivyowashughulisha wananchi wengi namna hiyo kwa mali ghafi kidogo namna hiyo. Mali ghafi yenyewe ni gamba la karatasi ngumu ya rangi ya kaki, lililokunjwa mara moja, likatobolewa pembeni, likapitishwa uzi wa kijani wenye vichuma viwili nchani. Juu yake pameandikwa namba, jina la mlalamikaji, jina la mtuhumiwa na kosa, na ndani yake aghalabu hamna zaidi ya karatasi tatu nne. Hata hivyo mbele ya gamba hilo nimewaona wazee wa heshima wakivua kofia, na wenye ng'ombe mia wakizungumza kwa sauti ya mtu aliye mbele ya mgonjwa.

Fadhila zake ndogo nitazitaja upesi. Ni jepesi kubeba. Ni la siri, maana hata yule ambaye jina lake limeandikwa juu hana ruhusa ya kujua ndani mmesemwa nini, na kwa ustahi huo linawashinda mashangazi wote wa tarafa yetu. Halibagui: hula kwa mlalamikaji asubuhi, likala kwa mtuhumiwa jioni, wala hapana aliyepata kulisikia likisema kuwa limeshiba. Hukuza biashara pia, kwa kuwa mwenye duka la karatasi, mwenye pampu ya mafuta, mama ntilie mkabala na lango la kituo, na vijana wa bodaboda wanaotuteremsha kutoka Jorodom, wote hao wana sehemu ya riziki yao ndani yake.

Lakini fadhila iliyo kuu, ambayo kwa ajili yake nimeshika kalamu, ni mapenzi yake ya safari. Ibn Battuta, aliyetia nanga Kilwa mwaka 1331, anahesabiwa kuwa msafiri mkubwa, lakini yeye alihitaji majahazi, ngamia, na ukarimu wa masultani, na mwishowe akatuambia alikokuwa. Jalada halihitaji hayo, wala halisemi. Leo liko mezani kwa mpelelezi. Kesho limepanda kwa mkuu wake. Keshokutwa limekwenda Babati kwa mwanasheria wa serikali. Mtondo limerudishwa kwa kuwa limesahau kitu, kama msafiri yeyote. Mtondogoo mpelelezi mwenyewe amekwenda Moshi chuoni, na kwa uaminifu usio na kifani jalada likajifungia kabatini kumngoja, funguo zikiwa mfukoni mwake huko Moshi. Zamani, kabla mkoa wa Manyara haujakatwa kutoka Arusha mwaka 2002, lilikuwa na safari za kuonea fahari zaidi, na wapo wazee wanaokumbuka majalada yaliyokwenda Arusha yakapendezwa na mji yasirudi tena. Wengine wote wamefupisha safari zao tangu barabara ya Babati kwenda Singida itiwe lami: vitunguu, walimu, maharagwe, hata maiti. Jalada peke yake ndilo lililoikataa anasa hiyo, likashika mwendo wake wa kale, na ikiwa iko siku taifa litatunga tuzo kwa wahifadhi wa mila, basi nimekwisha kumpata mshindi.

Tena angalia hekima iliyomo katika mgawanyo wa kazi. Jalada husafiri, mtuhumiwa hukaa. Mlalamikaji huja na kurudi. Kila mmoja amepewa sehemu yake ya mwendo kwa kadiri ya cheo chake, na mwenye cheo kikubwa kuliko wote ni yule asiye na miguu.

Nililifahamu jalada kwa sababu ya maksai wangu wawili, ambao waliondoka zizini usiku bila kuaga. Nilikwenda katika kituo kimoja cha wilaya zetu hizi, nisichokitaja, nikapewa RB, yaani namba ya taarifa yangu, nikaambiwa kwa upole kwamba gari lipo, askari wapo, nia ipo, ila mafuta ndiyo hayapo. Nilitoa ya mafuta. Nikaambiwa karatasi za maelezo zimekwisha. Nilitoa ya karatasi, na kwa hesabu yangu nilizonunua zingetosha kuandikia upya Katiba ya nchi pamoja na marekebisho yake yote. Gari likatoka, halikuwaona maksai, lakini kwa kuwa ni aibu gari la serikali kurudi tupu, lilimpakia kijana mmoja wa Kibarabaig aliyekuwa akichunga mbuzi karibu na njia, mtoto wa watu ninaowajua, ambaye sikumtaja, sikumshuku, na siku ile ile niliandika kwa mkono wangu kwamba simshuku. Wakamvua katambuga zake. Fimbo yake ikasimamishwa kwenye pembe nyuma ya mlango, ikafungwa kikaratasi chenye namba, nayo tangu siku hiyo ikawa kielelezo.

Hapo ndipo nilipopata elimu yangu. Nilipouliza kwa nini kijana asipewe dhamana, nilijibiwa kuwa wizi wa ng'ombe ni kosa zito mno kwa dhamana ya polisi. Nilipouliza kwa nini basi kosa zito mno halitafutiwi ng'ombe wenyewe, nilijibiwa kuwa kwa jambo la namna hiyo gari haliwezi kutumika kila siku. Nikauliza kwa nini asipelekwe mahakamani, ambako hakimu angeamua. "Mzee wangu," akasema afande, akinihurumia kama mtu anayehurumia wasiosoma, "upelelezi bado haujakamilika."

Ni sharti nieleze kwa wasiojua uzuri wa jibu hilo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inataka kwamba aliyekamatwa bila hati, ikiwa haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, na ikiwa kosa lake si zito, aachiwe na mkuu wa kituo kwa dhamana. Mwaka 2022 Bunge, likiwa limechoka kuona watu wakioza mahabusu kwa mashitaka yasiyo na ushahidi, lilirekebisha sheria ili mashitaka yasifunguliwe katika mahakama za chini kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa mazito. Nia ilikuwa kwamba polisi wapeleleze kwanza, wakamate baadaye. Jalada lilisoma sheria hiyo kwa makini kuliko wabunge walioipitisha, likatoa maana yake lenyewe: kamata kwanza, na maadamu hujapeleleza, mahakamani usimpeleke. Kwa ajili ya dhamana kosa likawa zito. Kwa ajili ya mahakama likawa jepesi. Na kijana akalala katikati ya uzito na wepesi, juu ya saruji.

Kwa muda mrefu niliambiwa kuwa jalada liko Babati. Nilikwenda kituoni mara nyingi kuliko nilivyokwenda kanisani, hata paroko akauliza. Na kila nikienda, jalada liko Babati. Siku moja mvua ilinyesha, nikaruhusiwa kungojea ndani, na mezani pale afande akajimiminia kikombe, akainyanyua chupa ya chai. Chini ya chupa palikuwa na gamba la kaki lenye duara tatu za chai, zilizoingiliana kama pete za harusi, na katikati ya duara mojawapo palikuwa na jina langu. Namba niliijua kwa moyo. Uzi wa kijani ulikuwa umekatika, ukafungwa fundo. Nilimwonyesha kwa kidole. Akalitazama gamba, akairudisha chupa mahali pake, akasema: "Hii ni nakala."

Naona kuwa hapa sifa zinanikwama kooni. Mama yake kijana alikuwa ameketi nje ukutani, chini ya bango lililopakwa rangi ya buluu na nyeupe, lisemalo kwamba dhamana ni haki ya mtuhumiwa na hutolewa bure. Mama yule hakujua kusoma. Alikuwa amekwisha uza mbuzi mnadani kwa ajili ya kile alichoambiwa ni "fedha ya kufungulia jalada", na akauza mwingine kwa ajili ya kulifunga. Nilimsomea bango. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza ikiwa walioliandika ndio hawa hawa waliomo ndani, au ni wengine. Sikuwa na jibu la kumpa, na silo swali gumu. Mwizi aliyenichukulia maksai alikuja usiku kwa kuogopa. Huyu aliyemchukulia mama mbuzi wake alikaa mchana kweupe, mshahara wake ukilipwa na kodi yangu, nami nilikuwa nimemnunulia na mafuta.

Lakini nisimlaumu afande mmoja peke yake. Yeye ana watoto wa kusomesha na nyumba inayovuja, na chupa ile ya chai hakuivumbua yeye. Desturi ya kutia maneno ya watu gambani na kuweka kitu juu yake ina wakubwa wake. Katika wilaya hii ya Hanang, mashamba ya ngano ya shirika la serikali la NAFCO, yaliyolimwa kwa msaada wa Kanada, yaani Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Waret, yalikalia malisho ya Wabarabaig. Nao wakalalamika kwamba walipigwa, walitozwa faini kwa kupitisha mifugo katika ardhi ya baba zao, na makaburi ya wazee wao, yale tuyaitayo bung'eda, yakapitiwa na matrekta. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani wakashinda Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi huo, na miongoni mwa sababu ni kwamba hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi iliyoachwa na wakoloni. Wabarabaig, chini ya Mlima Hanang, hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji! Mwaka 1993 Tume ya Jaji Robert Kisanga ikachunguza uvunjaji wa haki za binadamu katika mashamba hayo. Iliandika ripoti. Ripoti nayo, ukiitazama kwa nje, ni gamba lenye karatasi ndani.

Na si Hanang tu. Wasukuma wa Mwanza na Shinyanga walikufa mikononi mwa vyombo vya usalama mwaka 1976, na mwaka uliofuata Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu kwa ajili ya makosa ya walio chini yake, jambo ambalo hata leo tunalisimulia kwa mshangao kwa kuwa waliofuata nyayo hizo ni wachache mno. Tume ya Jaji Warioba ilieleza mwaka 1996 namna rushwa ilivyokita mizizi katika polisi, mahakama na kwingineko. Tume ya Haki Jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi ripoti yake Ikulu tarehe 15 Julai 2023, na pamoja na mengine ikapendekeza Jeshi la Polisi lisukwe upya. Kila mara hotuba zilikuwa nzuri, picha zilipigwa, kitabu kikapokewa kwa mikono miwili. Majaji wamefanya kazi yao. Tunaloliomba tangu hapo ni kuambiwa kitabu kimefika meza gani, na jibu tunalolipata linafanana mno na lile la Babati.

Nasi tulio nje ya lango tuna sehemu yetu, maana jirani zangu wengi wamenishauri "niongee vizuri" na afande, na walinishangaa nilipowaambia kuwa nimekwisha kuongea vizuri mpaka fedha zikaniishia. Tumezoea kulipa ili tusumbuliwe kidogo, na kila tunapolipa tunampandishia bei yule ajaye nyuma yetu, ambaye kwa kawaida ni maskini zaidi.

Kijana aliachiwa jioni moja bila kushitakiwa, bila kuelezwa, na bila fimbo yake, ambayo kwa kuwa ni kielelezo haikuweza kutoka. Maksai hawajapatikana. Jalada, kwa habari nilizonazo, liko Babati.

Kwa hiyo namwomba mkuu yeyote mwenye mamlaka, ambaye labda ataisoma karatasi hii kabla haijawekewa kitu juu yake, aamuru jambo moja tu lisilohitaji tume, mafuta, wala msaada wa Kanada: kwamba juu ya kila jalada, chini ya namba, mkuu wa kituo aandike kila asubuhi kwa wino na kwa mkono wake mwenyewe idadi ya siku ambazo mtuhumiwa amelala mahabusu, atie sahihi, na hakimu anayekagua kituo aisome kwa sauti mbele ya wote waliomo ndani. Karatasi nitanunua mimi.