Ndoto ya Dirishani

Mwenzetu kaiota Uholanzi tangu utotoni. Ndege aliyopanda Nairobi inashuka uwanja wa ndege wa Schiphol, pua kaibandika kiooni: mifereji iliyonyooka kama mistari ya daftari, mabanda ya vioo yakimeremeta, ng'ombe wanono. "Hatimaye nimefika juu!" anajipongeza. Pole, bwana. Uwanja huo uko mita 3 hivi chini ya usawa wa bahari, penye sakafu ya ziwa lililokaushwa mwaka 1852. Na humo tumboni mwa ndege, chini ya kiti chake, huenda kuna mawaridi ya Naivasha yanayokwenda mnadani Aalsmeer. Yeye kahojiwa viza mpaka salio la benki. Maua yametakiwa cheti cha afya, si salio. Sasa ajue wenyeji walikuwa wakimsubiri nani.